Mukwa wa Mama Chebet

Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa anamenya viazi uani, pale kwetu Free Area, akinicheka kwa sababu chai ilikuwa imefurika nikiitazama. "Mzee, kwani hata chai inakushinda?"

Mimi nilikuwa na posho mill ya kusaga mahindi, yeye akiuza kuni. Alizibeba kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwao huvuta kwenye paji la uso, mzigo ukikaa mgongoni. Miaka mingi ulikuwa umemchimbia bonde kwenye paji. Kwa watu wangu, mwanaume hata kuugusa ni aibu. Nilikuwa namtania, namwita punda wangu. Mungu anisamehe.

Uchaguzi ulikuwa umeharibika. Watoto tulikuwa tumewapeleka Gilgil kwa dada yake, tukidhani sisi wazee hatuna shida. Kabla ya viazi kuiva, jirani akachungulia kwa ua.

"Mama Chebet, vijana wetu wanapita nyumba kwa nyumba. Mtoe mzee."

Vijana wa kabila lake. Walikuwa wanatafuta wanaume wa kabila langu.

Hakulia. Alinivalisha gauni lake, sweta, na kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Akafunga kuni, akaleta mukwa.

"Siwezi kuvaa hiyo. Mimi ni mwanaume."

"Basi watakuzika ukiwa mwanaume. Inama."

Niliinama.

Njiani niliona vumbi tu, na visigino vyangu vikitokeza nje ya ndala zake. Kwenye kizuizi cha wale vijana, kando ya lami, kulikuwa na mtu amelala. Hakuwa amelala.

Nikaona panga karibu na goti langu.

"Shosho, mzigo ni mzito. Wacha nikusaidie."

Mwenye panga aliongea kwa adabu kabisa, vile mtoto aliyelelewa vizuri huongea na nyanya yake. Mkono wake ukashika kuni.

Mke wangu akacheka. Akacheka, jamani!

"Mwache dada yangu, kijana. Hasikii. Ukimshtua aanguke, ni wewe utambeba?"

Mkono ukatoka.

Tulifika kituo cha polisi nikiwa nimejikojolea. Alinifuta kwa leso yake.

Tulipofika Gilgil, Chebet, binti yetu, akauliza tumeponaje. Nilikuwa bado natafuta maneno mama yake akanitangulia: "Baba yenu alinitoa. Aliwapita wale vijana wote." Alijua ukoo wangu ungenicheka mpaka kaburini. Kila Krismasi akarudia hadithi hiyo, na wajukuu walipokuja akawaongezea, ati babu yenu ni simba. Mimi nilikuwa nakaa pale na kikombe, nikitazama sakafu.

Tumemzika juzi. Pasta akasema, "Huyu mzee alimtoa mkewe motoni." Watu wakapiga makofi. Makofi, mbele ya sanduku lake! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia Chebet aniletee mukwa, uko jikoni nyuma ya mlango. Nikauvaa kwenye paji, mbele ya wazee wa ukoo wangu na kofia zao, nikainama vile aliniambia.

"Nilipita hivi," nikasema. "Na gauni lake. Ni yeye alinitoa."

Kakangu mkubwa akanivuta koti. "Keti. Unatuaibisha."

Sikuketi mpaka nikamaliza yote, hata ile ya mkojo. Mjukuu mmoja alicheka kidogo, halafu akaanza kulia.

Baada ya udongo kurudishwa, Chebet akaja kusimama na mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Baba, hiyo miaka yote. Mbona hukusema akiwa hapa, asikie?"

Nilimwambia nilikuwa naogopa watu wetu. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ingine sikuweza kumwambia mtoto: uongo wa mama yake ulinikaa vizuri kuliko lile gauni.