Kushoto kwa Baba

Kwenye gari la baba huwa nakaa mbele, kushoto kwake. Ananishusha shuleni asubuhi kabla hajaanza kubeba abiria wa Makurunge. Sauti yangu ni ndogo, mwalimu akiita majina naitikia lakini bado ananiandika sipo. Ndani ya gari tu ndimo nilimokuwa naongea. Siku moja nilimwambia jambo nililolifanyia mazoezi bafuni: "Baba, bweni sitaweza. Naomba nibaki nyumbani." Alikuwa anatazama barabara. Akanyoosha mkono, akapandisha redio.

Nikajua hilo ndilo jibu lake. Toka siku ile nikawa nakaa kimya mpaka getini, na nilimchukia kidogo.

Jumapili kaka yangu akaja. Yeye anafunga redio za magari huko Kerege, na baba alikuwa amemlalamikia kwenye simu kwamba spika za kushoto zimekufa. Kaka akabandua mlango, akakuta spika nzima na waya mzima. Akabandika sponji nyuma ya bati lisitetemeke, akapunguza besi, akaweka taarabu ya mwanamke mmoja mwenye sauti nyembamba.

"Mzee, huyu bibie anatakiwa akae katikati, hapa juu ya dashibodi. Wewe unamsikia wapi?"

Baba, kwenye usukani, akagonga kioo cha upande wake. "Huyu hapa, kwangu. Huko kwako hayupo."

"Basi kakupenda."

"Fundi uchwara wewe! Nimekwambia kushoto kumekufa."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, na nilimsikia yule mwimbaji katikati kabisa. Kaka akasukuma sauti yote kushoto. Mlango wa kulia ukanyamaza, wimbo wote ukawa unatokea upande wa abiria.

"Na sasa?"

"Palepale. Umepishanisha nyaya."

Kaka akacheka, akamwomba wabadilishane viti. Baba akakaa pale ninapokaa mimi, spika inaimba karibu na goti lake la kushoto.

"Hebu nionyeshe kwa kidole, mzee."

Baba akaelekeza kidole kulia, kwenye usukani.

Kaka hakucheka tena. Alinitazama kwenye kioo, kisha akazima redio.

"Baba, hilo sikio lako la kushoto..."

"Nyaya."

"Twende tu hospitali wakalitazame."

"Nimesema nyaya! Unataka watu waseme naendesha gari sisikii honi? Nani atapanda? Funga mlango wako huo."

Kaka akafunga mlango, skrubu moja moja. Akarudisha sauti katikati, pale ilipokuwa tangu mwanzo, akawasha. "Tayari, mzee."

Baba akasikiliza, kichwa kainamisha. "Ahaa," akasema. "Sasa umetengeneza."

Mimi nilishuka nikaenda kukaa uani. Nilipaswa kufurahi kwamba hakuwa amenipuuza, lakini nilijisikia vibaya zaidi kuliko nilipodhani amenipuuza. Nilikuwa nikikumbuka mambo mengi niliyomwambia upande ule. Mengine yalikuwa ya kipuuzi. Mengine sitayasema tena kwa mtu.

Kesho yake nikapanda nyuma ya kiti chake.

"Mbona huko?"

"Mbele jua, baba."

Tulipoacha mji nikasogea mpaka karibu na sikio lake la kulia. Nikayasema yaleyale ya bweni. Safari hii akapunguza redio.

"Bweni hutaki?"

"Sitaki."

"Sasa mwanangu, mbona hukuniambia mapema? Nafasi nimeshakuombea, mkuu wa shule nimeshampa neno langu. Nikamwambie nini mimi leo?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa la kweli, na pengine lingenisaidia. Lakini jana niliuona uso wake kaka alipotaja sikio, na sikuweza kumwona hivyo tena, tena kwa ajili yangu.

"Niliogopa," nikasema.

"Unaona?" Akatikisa kichwa, wala hakuwa na hasira. "Woga huohuo ndio ninaotaka ukauache huko bweni."

Tulipofika getini nikamshukuru, nikashuka. Naondoka baada ya Idi.