Kitambaa Cheusi cha Kupokea Cheche

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, niliponyoosha mkono. Tulikuwa kwenye kipindi cha skauti, nyuma ya bwalo la shule yetu huku Kahororo, na mwalimu alikuwa ameuliza swali moja tu: wikiendi, kambini Muleba, nani atawasha moto wa kundi lake bila kiberiti?

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Mimi ni yule ambaye hata akijua jibu analiandika kwa penseli pembeni mwa daftari, kisha analifuta. Kwa hiyo kila mtu aligeuka.

"Heee! Kumbe ana mkono!" alisema kiongozi wa kundi la wavulana. "Bado mdomo."

Walicheka. Kiongozi wetu wa kundi la wasichana, dada wa kidato cha nne asiyependa utani, hakucheka. Aliniangalia akauliza, "Wewe, utaweza?"

"Nitaweza." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Njiani kurudi Hamugembe nilijiapia: nikishindwa, sinyooshi tena mkono mpaka namaliza shule.

Cheche zenyewe nilikuwa nazo. Likizo iliyopita niliokota jiwe jeupe la gumegume barabarani, nikaligonga na tupa kuukuu ambayo mjomba alikuwa akinolea mapanga, nikaona cheche zikiruka. Lakini cheche isiyo na kitu cha kuipokea ni kama mgeni aliyefika kwenye nyumba isiyo na watu. Inageuka na kwenda zake. Mwalimu alikuwa ametudokeza tu kwamba kinachoipokea ni kitambaa kilichoungua bila kuwaka moto. Hayo mengine, alisema, mtajua wenyewe.

Naishi na bibi, mama yake mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikamwomba kile kipande cha lubugo kilichokunjwa juu ya kabati lake, kile kitambaa cha gome la mti. Niliwaza kwamba gome litaungua vizuri.

Bibi aliweka kisu chini. "Lile ni la kunizikia, mjukuu wangu. Mbona unaniharakisha?"

"Siyo hivyo bibi, ni la kuwashia moto."

"Moto? Sisi moto tuliomba kwa jirani. Unakwenda na majani yako makavu ya mgomba, unapiga magoti, unasalimia mpaka watu wa nyumbani waishe, ndipo unapewa kaa. Mawe ya nini?"

Nikakata fulana yangu ya mtumba. Nilitoboa tundu kwa msumari kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, nikajaza vipande, nikaliweka kwenye jiko la mkaa. Kulitoka harufu ya mfuko wa plastiki. Nilipofungua, fulana ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama lami. Haikuwa pamba hata kidogo.

Kesho yake bibi alinirushia kanga yake ya zamani, iliyochakaa mpaka unaona mchana kupitia kwake. "Hiyo ni pamba. Niliinunua mama yako akinyonya." Safari hii moshi mweupe ulichirizika vizuri kwenye tundu, ukapungua, ukakoma. Nikafurahi, nikafungua kopo palepale. Hewa iliingia, vitambaa vikawa vyekundu mbele ya macho yangu, vikawa majivu. Nililia kidogo. Bibi alisema tu, "Hata matoke ukiyafunua mapema hayaivi."

Nilikata vipande vingine kutoka kwenye upindo wa kanga. Moshi ulipokoma nililitoa kopo motoni, nikaliweka sakafuni, nikaenda kufua soksi zangu na za bibi ili mikono isilifuate. Nilipofungua kopo limepoa kabisa, vitambaa vilikuwa vyeusi, vyepesi, laini kama mbawa za kipepeo, na maua ya kanga bado yanaonekana, meusi juu ya weusi. Nilikiegemeza kimoja juu ya ukingo wa jiwe, nikagonga. Doa jekundu likatokea, dogo kama punje ya ulezi, likaanza kutembea. Nilipiga kelele mpaka bibi akatoka na mwiko.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja ulio chini ya kilima, kando ya mikaratusi. Jumamosi jioni kila kundi lilisimama mbele ya kuni zake. Kundi litakalowasha kwanza ndilo litakalopeleka moto kwenye rundo kubwa la katikati, na miaka yote walikuwa wavulana. Wao walikuwa na vijiti vya kupekecha, na mabega.

Niligonga, jiwe likaniponyoka. Nikagonga tena, nikajigonga kidole. Macho yote yalikuwa mgongoni na usoni kwangu.

"Dada, tukuletee kiberiti?" aliita yule kiongozi wao huku akipekecha.

Hapo nikajua kinachonishinda si jiwe. Ni kutazamwa. Kwetu mtoto hampi mkubwa mgongo, lakini nilisimama, nikasema kwa sauti iliyonishangaza, "Samahani mwalimu, nitawapa mgongo." Nikageuka, nikachuchumaa nikitazama mikaratusi, kana kwamba niko jikoni kwa bibi.

Nikagonga. Doa jekundu.

Nililiweka ndani ya kiota cha majani makavu ya mgomba niliyoyasugua mpaka yakawa kama nywele, nikalikunjia, nikapuliza polepole. Moshi ukaja, mzito, wa njano. Nikapuliza tena, na kiota kizima kikawaka mikononi mwangu, nikakisukuma chini ya kuni zetu, zikashika.

Wasichana walipiga vigelegele kama kwenye send-off ya bibi harusi. Kiongozi wetu, yule asiyependa utani, alinibeba mgongoni, nami nimeshika kijinga cha moto juu, tukapita mbele ya wavulana waliokuwa bado wanapekecha. Nilikiingiza kijinga kwenye rundo mwenyewe. Mwalimu alisema, "Sasa na mgongo wako tumeujua."

Usiku mvua ilinyesha, mvua yetu ya Kagera isiyopiga hodi, ikazima rundo kubwa na kulowesha kuni zote za nje. Zetu nilikuwa nimezifunika na turubai. Asubuhi nilifungua kopo langu, nikawasha moto wa chai bila kumpa mtu mgongo.

Yule kiongozi wa wavulana akaja, mikono mifukoni, nywele zimelowa. "Lete moto, dada."

"Umekuja na nini?"

"Na nini tena?"

"Wanaoomba moto huja na majani yao. Na salamu."

Wasichana walianguka kwa kicheko. Yeye akageuka, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Akarudi na kifungu cha majani makavu ya mgomba, sijui aliyapata wapi kwenye unyevu ule, akachuchumaa.

"Shikamoo, waitu," alisema, kwa Kihaya cha kumheshimu mkubwa.

"Marahaba. Wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Wana njaa."

Nilichagua kaa zuri kuliko yote, nikaliweka katikati ya majani yake, nikamfundisha namna ya kulikunjia ili lisizimike njiani.