Kitanda cha Mama Kiko kwa Jirani

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile mama yangu alipokataa kulala katika nyumba tuliyokodi kisiwani, huko Ugiriki. Alitoka nje na sanduku lake, akaketi kwenye benchi la mawe chini ya mzabibu, akakunja mikono. Jua lilikuwa bado kali. Mume wangu Elias alisimama mlangoni, funguo mkononi, akinitazama mimi, na mimi nikitazama paka wa watu.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana sisi wazee hatujui kuanza karibu.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako. Tuliishi Yeoville, hapa Johannesburg, katika fleti ndogo, mimi, Elias na binti yetu Neema ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Mimi ni mtoto wa Bungoma, Kenya. Elias ni wa Tanga, Tanzania. Tulikutana ugenini kama wengi wenu mnavyokutana, tukaoana kwa Kiswahili chetu, tukadhani Kiswahili kinatosha. Kwao Elias, mama mkwe akija anapewa chumba kizuri kuliko vyote. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani kila mmoja humpisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, tena ile ya juu kabisa.

Je, nilimweleza mume wangu hayo? Sikumweleza. Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza, nilimpeleka kulala kwa Mama Béatrice, msusi Mkongomani aliyeishi ghorofa ya juu yetu. Elias nilimwambia tu kwamba nyumba ni ndogo. Aliamini, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo kweli.

Sasa, katika benki aliyofanya kazi Elias palikuwa na Mgiriki mmoja, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazazi wake walimwachia nyumba kisiwani kwao. Akatukodisha kwa bei ya urafiki: vyumba vitatu na jiko, mnajipikia wenyewe. Elias alifurahi mno. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua muda mrefu, na mama ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Elias akasema lazima twende na mama akapumzike. "Safari hii nyumba ni kubwa," aliniambia. "Mama hatalala kwa jirani tena." Ujue pia kwamba Elias alifiwa na mama yake kabla hajaanza shule. Alikuwa anatafuta mama, na wala hakulificha jambo hilo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini udadisi ndio ugonjwa wangu mpaka leo, na siku zile ulikuwa mkali zaidi. Nilijiuliza: hivi mila zinavuka bahari? Mahali ambapo hakuna shangazi wala jirani wa kusema, mama atafanyaje? Nikanyamaza ili nione. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio changu kilikuwa kinaningoja juu ya ngazi.

Maana nyumba ilikuwa juu, mwanangu. Ukishuka melini unapanda ngazi nyeupe hadi magoti yanakuuliza umeyakosea nini. Elias alibeba masanduku yote, moja limejaa unga wa mahindi kutoka spaza, kile kiduka cha mtaani kwetu. Mama alikagua jiko kwanza, akagonga sufuria kwa kidole, akasema ni nyepesi, ugali utaungua. Kisha akaniuliza kwa kikwetu, "Na mimi mmenipangia kulala wapi?"

Nikamwonyesha chumba chenye dirisha la kuelekea baharini. Akakitazama chumba, akanitazama mimi, akachukua sanduku lake.

"Nitakaa nje," alisema. "Kesho meli ikija, nitarudi nayo."

Elias akataka kujua kumetokea nini. Ikabidi niseme palepale yote niliyoyafunika tangu tuoane. Alisikiliza, kisha akasema, "Basi mimi ndiye nitakayelala nje." Nilipompelekea mama jibu hilo alikasirika zaidi. Mkwe wake alale na paka kwa ajili yake? Afadhali aogelee mpaka Kenya.

Elias akaingia chumbani. Nilimsikia akisema peke yake, "Eish. Hata huyu mama hanitaki." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma sasa ninapoyaandika.

Aliyetuokoa hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Alikuwa jirani, mjane mzee wa nguo nyeusi aitwaye Eleni, aliyekuwa akipanda ngazi na kikapu cha mboga. Alipomwona mama na sanduku lake alisimama. Mama naye hakumtazama usoni. Alitazama kikapu, akanyoosha mkono, akatoa jani moja. Lilikuwa jani la mchicha, mchicha uleule unaoota nyuma ya jiko kwetu Bungoma. Mama alilinusa akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu msiba. Eleni akaunganisha viganja, akaviweka shavuni kama mtu aliyelala, kisha akaonyesha nyumba yake kwa kidole. Akalibeba sanduku mwenyewe. Mama akamfuata, na Neema akamfuata bibi yake.

Hivyo ndivyo mama alivyolala kwa Eleni muda wote wa likizo, na kazi yangu ikawa kuchungulia juu ya ukuta uliotutenganisha. Nilitaka kujua wanazungumzaje. Mama alisema Kibukusu, Eleni Kigiriki, na kila mmoja alimjibu mwenzake bila kusita. Walichuma mchicha, wakachuma na mnavu, wakabishana juu ya chumvi. Eleni aliumiminia mchicha limau na mafuta ya zeituni; mama aliutafutia maziwa. Walielewana nini hasa? Nimeliuliza swali hilo miaka yote hii na sijapata jibu.

Jambo moja tu lilieleweka: Eleni alimchukia Elias. Kila alipopita alimkata jicho. Mwenye nyumba alipotupigia simu kutujulia hali alicheka hadi akakohoa, kwa sababu habari zilikuwa zimemfikia Johannesburg: kijiji kizima kilikuwa kinamsema mwanamume aliyemfukuza mama mkwe wake nje. Maskini Elias, mtu ambaye hata mende alikuwa akimtoa nje kwa karatasi.

Lakini kila mchana mama alinikabidhi bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. "La mkwe," alisema. Ndani mlikuwa na chakula kizuri kuliko chetu sote: samaki mnofu mtupu, mboga iliyolainika, ugali uliosongwa katika sufuria nzito ya Eleni. Siku za mwanzo Eleni alilitazama bakuli likipita, akishangaa. Siku moja akalisimamisha mlangoni, akafunua kitambaa, akafikiri, akaongeza kipande kikubwa cha jibini. Jioni ile alimsalimia Elias.

Hata hivyo Elias hakuwa na raha. "Chakula ananipa," aliniambia, "lakini uso wake ananinyima."

Nikamwendea mama bustanini. "Mama, hapa hakuna anayetujua," nilisema. "Nani atakuona ukilala kwetu?"

Aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka mvi hizi.

"Kwani mimi nafanya ili nionwe? Ninyi mtagombana, hakuna ndoa isiyogombana. Nikiwa chini ya paa lenu nitasikia. Nikisikia nitachagua upande, nami nitachagua wako, kwa sababu nilikuzaa. Siku hiyo yule kijana atakuwa hana mama. Acha nikae mbali nisisikie, nibaki mama wa wote wawili."

Nilinyanyuka niondoke. Lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Na wewe ulijua, ukamficha. Umemzibia mlango, halafu unamtazama akipapasa ukuta. Huo si udadisi wa mtu mzima, mwanangu."

Nilimfikishia Elias maneno hayo yote, hata yale yaliyonichoma. Alikuwa ameketi, bakuli mapajani. "Mama wa wote wawili," aliniuliza, "alisema hivyo?" Nikamwambia ndivyo. Akamaliza chakula chake. Siku ya kuondoka aliliosha bakuli lile mwenyewe, akalijaza unga uliobaki, akaliweka juu ya ukuta, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa ili mama aje alichukue. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo halikuhitaji kufundishwa.

Mama alipotaka kuja tena Johannesburg, mimi sikufungua mdomo. Kabla hata tiketi haijakatwa, Elias alipanda ngazi hadi kwa Mama Béatrice kuomba. "Mulete mama," alijibiwa, "kitanda iko."

Kwenye uwanja wa ndege Elias alisimama mbali, karibu na nguzo, mikono nyuma. Mimi nikamkumbatia mama nikamwambia, "Kitanda chako kiko kwa jirani. Aliyekitafuta ni Elias, na sikumtuma."

Mama alisimama katikati ya watu na mizigo yao. Hakumtazama. Alinitazama mimi, lakini alipaza sauti hadi imfikie kule aliko.

"Mwambie mwanangu asante."

Siku zote alikuwa akimwita Elias "mkwe" au "yule kijana". Nilikwenda kumpa ujumbe, ingawa alikuwa ameshausikia. Alikuwa amegeukia tangazo ukutani, akijifanya anasoma. Alilia, mwanangu, wala hakuona aibu.

Basi wewe unayeoa au kuolewa katika jiji hili, ambako Mrundi anamchumbia Mzulu na Mkenya anazaa na Mkongomani, sikia. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Kabla hujawakaribisha wakwe kwenye nyumba kubwa ya likizo, uliza kwanza wanaingilia mlango gani. Mwenzio naye mweleze mila zenu mapema, hata zile unazoziona za kizamani, asije akagonga ukuta mbele yako. Dadisi, ndiyo, lakini udadisi wako uwe wa kuuliza, usiwe wa kumtega mtu. Na mzee akijiweka mbali nawe, usikimbilie kusema hakupendi. Tazama kwanza bakuli analokuletea.

Mungu akupe mwenzi wa kumweleza yote, akupe wakwe wanaokuombea wakiwa mbali, na popote utakapokwenda akujalie jirani mwenye kitanda.