Shingo ya Mama na Kinyozi wa Kimbo

Miaka ya tisini, wanaume wa mtaa wa Kimbo waliamini kwamba usipopindwa shingo hujanyolewa. Kinyozi akishamaliza, alikushika kidevu na kisogo, akakuzungusha kichwa ghafla, shingo ikalia ka, nawe ukaondoka umeridhika kama mtu aliyepona ugonjwa ambao hakuwa nao. Niliwadharau wote, mnyoaji na wanyolewa. Mjomba wangu alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa mjinga hapendi kuwa peke yake, aliamua kumpeleka na mama, dada yake.

Mama alikuwa amekuja kutoka kwetu Ngoliba kutibiwa. Maisha yake yote alibeba maji na kuni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mzigo ukilala mgongoni. Ulikuwa umemchimbia bonde pajini, na shingo yake ilikuwa sifa ya ukoo mzima. Lakini baridi yabisi ilimkunja vidole, na sasa kisogo kilimuuma. Mimi nilifanya kazi ya tiba ya viungo kwenye kliniki moja Thika, nikampeleka kupigwa picha ya eksirei.

Mfupa wa kwanza wa shingo ni pete. Wa pili una jino linalosimama ndani ya pete hiyo, na hapo ndipo kichwa hugeukia. Nyuma ya jino hupita kano moja, mkanda mfupi tu, unaolizuia lisirudi nyuma likaponda neva zote zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni. Baridi yabisi huila kano hiyo polepole. Picha ilionyesha kwamba jino la mama limeanza kulegea. Ukimpinda shingo mtu wa namna hiyo, unamlemaza au unamzika.

Nilimweleza mjomba haya yote nyumbani kwake. Akainua picha dirishani, akaikagua kama anayenunua ng'ombe.

"Mifupa yote iko," akasema.

"Mjomba, si mifupa. Ni kano."

"Maitu," akaniita, yaani mama yetu, maana nina jina la mama yao, "shingo imebeba magunia miaka hiyo yote, ishindwe na mikono ya kinyozi? Shule imekuharibu."

Kesho yake nilitoka kazini nikaambiwa wamekwenda kwa kinyozi. Nilikimbia hadi kwenye kibanda. Mama alikuwa kitini, kitambaa kimefungwa shingoni, kinyozi nyuma yake akijipaka mafuta mikononi. Nilimsukuma kando, nikakishika kichwa cha mama kwa viganja viwili, nikakiegemeza kifuani mwangu.

"Siste, toka hapo bana," kinyozi akasema. "Mimi nimefungua shingo za mapasta."

"Basi rudi kwa mapasta wako."

Wateja wakacheka, na mjomba akaona aibu. Huyo ndiye aliyejiita mlezi wetu: dada yake kufa aliona sawa, kuchekwa kibandani hakuweza.

"Dada, mwambie huyu mtoto akuachilie! Ni mzigo gani umewahi kukushinda wewe?"

Hakuna aliyeionea fahari shingo ile kuliko mama mwenyewe. Nilingoja anifukuze mbele ya watu wote.

Akanong'ona, ili kaka yake asisikie.

"Siisikii mikono yangu, maitu. Usiachilie."