Mchi wa Marehemu na Mashine ya Tetemeko

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo anayengoja nimweleze ardhi inatikisikaje amtafute mwingine. Mimi ni mlinzi tu. Nalinda mashine ya kusikiliza matetemeko iliyofukiwa shambani kwangu, huku juu Upare ya kusini, mahali ambapo ukungu ukifunguka unaiona Same kule chini kama mabati yaliyoanikwa. Nasema mlinzi, lakini mwizi wake sijapata kumwona. Kazi yangu ni kufyeka majani, kufuta vumbi kwenye sola na kufukuza mbuzi. Mbuzi wanapenda waya, sijui kwa nini. Nilikuwa na beberu mmoja alikula kamba ya kengele ya kanisa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Siku wanaileta, gari lao lilishindwa kupanda kuanzia pale kanisani. Saruji tulibeba kichwani. Wakachimba shimo, wakalijengea kwa zege, wakaiweka mashine chini kabisa na kuifunika kwa kifuniko cha chuma. Kiongozi wao alikuwa binti, mtaalamu wa matetemeko, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Alizunguka shamba akikanyaga hapa na pale, kisha akasema, "Mzee, hapa pana kimya kizuri sana. Ndiyo maana tumepachagua."

Kimya kizuri! Ulikuwa mwezi wa tatu tangu nimzike mke wangu. Ningeweza kumwonyesha kimya hicho kilipoanzia, ni pale chini ya migomba, hatua ishirini tu. Yule mama alikuwa akisema toka anaamka mpaka analala. Akikosa mtu wa kusema naye, anawasema kuku. Alilazwa Gonja wiki mbili, na hata kule wauguzi waliniambia, "Babu, huyu bibi anatuchekesha." Siku aliyonyamaza nilijua, hata kabla hawajaniita. Watoto wetu ni watatu. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja Kahama, na huyo wa Kahama sauti yake naisikia Krismasi. Siwalaumu. Nami wakati wa baba yangu nilikuwa kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, nilikuwa nakuja siku ya kuzika tu.

Basi mashine ikakaa. Wakaniachia namba ya simu, wakaondoka.

Sasa nieleze habari ya ndiva, maana bila ndiva hutanielewa. Ndiva ni bwawa letu la kukusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Babu zetu walizichimba. Ndiva ikivuja, kunaitishwa msaragambo, watu wote wanatoka, hakuna cha mzee wala mgonjwa wa kujisingizia, mnamwaga udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa miguu na magogo mpaka ushikane. Ndiva yetu iko bondeni chini ya shamba langu, si mbali na mashine. Siku ile tulikuwa watu kama arobaini, tunashindilia kwa kufuatisha wimbo, na mie nimesimama pembeni kwa sababu ya goti. Simu ikalia.

"Shikamoo mzee. Hapo kwako leo kuna nini?"

Ni yule binti. Nikamwambia marahaba mwanangu, hapa ni msaragambo, tunashindilia ndiva.

"Ndiva ndiyo nini?"

Nikamweleza. Nikaanzia kwa babu mzaa baba, nikaja kwa ugomvi wa maji na ukoo wa pili, nikaeleza nani anafungua na nani anafunga. Hakukata simu. Alicheka mara mbili. Akaniambia mistari ya mashine yake imechafuka kule ofisini, wakadhani kuna jambo, kumbe ni miguu yetu. Nilipomaliza, sikio lilikuwa la moto. Tangu msiba sikuwa nimeongea na mtu muda mrefu namna ile.

Baada ya hapo wiki tatu hakuna aliyepiga. Si yeye, si wanangu. Naiweka simu mezani, naitazama, nakula.

Sitajisifu katika haya yanayofuata. Makande hayapikiki vizuri mpaka mahindi uyatwange kidogo yatoke ganda, na kwetu kutwanga si kazi ya mwanaume. Mke wangu alipokufa nikawa natwanga mwenyewe, kwa kujificha nyuma ya nyumba, na mchi wake. Asubuhi moja ya Jumatatu nikakichukua kinu nikakivingirisha mpaka kwenye uzio wa mashine. Nilijiambia ni kwa ajili ya kivuli. Pale hakuna kivuli. Nikatwanga. Nilitwanga mahindi mpaka yakawa unga, na unga haufai kwa makande.

Saa nne simu ikalia.

"Shikamoo mzee. Ndiva tena?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ukweli mambo yangeishia pale. Lakini niliona haya. Mzee mzima nimwambie binti kwamba natwanga? Nikasema, "Ndiva tena, mwanangu. Inavuja sana mwaka huu."

Ikawa mchezo wangu. Jumatatu natwanga, Alhamisi natwanga. Si kila mara alipiga, lakini mara nyingi alipiga, na akipiga anakaa kwenye simu. Alinieleza kwamba nchi yetu inapasuka kwenye Bonde la Ufa, polepole kuliko kucha inavyoota, na kwamba milima hii yetu haijalala kama tunavyodhani. Nikamuuliza, sasa itapasuka nikiwa hai? Akasema, "Babu, hata mjukuu wa mjukuu wako hataiona." Alianza kuniita babu hapo. Kuku wakaugeukia ule unga wangu, wakanenepa.

Kisha Alhamisi moja akapiga akiwa na sauti ya ofisini. "Babu, kuna jambo. Tunafikiria kuihamisha mashine tuipeleke Ugweno, kule Shighatini. Kwako pamekuwa na kelele nyingi. Nitakuja kuwaaga, na nitafanya mkutano niwafundishe watu habari za tetemeko."

Nilikaa chini, mchi nimeukumbatia. Nimeifukuza mashine kwa mikono yangu mwenyewe. Nikisema ukweli, naonekana mwongo na mjinga. Nikinyamaza, inapanda gari, na simu nayo haitalia tena. Nilikuwa na siku tisa za kuamua. Zote nilizimaliza bila kuamua, na bila kutwanga.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, asubuhi, watu wengi kuliko wa kwenye chanjo ya mifugo. Binti alifundisha vizuri. Nchi ikitikisika usikimbilie ngazi, usisimame karibu na ukuta wa matofali, ingia chini ya meza imara. Bibi mmoja akauliza, "Meza yangu anaingia kuku tu, mie niingie wapi?" Watu wakacheka, naye binti akacheka, akamwambia basi ajikunje pembeni ya kitanda na kufunika kichwa. Mwingine akauliza kama mashine ndiyo inayoleta tetemeko. Akajibu kwamba mashine ni sikio, na sikio halipigi kelele.

Alipomaliza akashukuru kijiji, akasema wanaihamisha mashine si kwa ubaya, ila kwa sababu ndiva inatengenezwa kila wiki na miguu inaivuruga.

Mwenyekiti wa ndiva akasimama. Huyu ni rika langu, tulitahiriwa pamoja, na ulimi wake hauna kifuniko.

"Binti, samahani. Ndiva gani hiyo?"

"Si hii ya bondeni? Kila Jumatatu na Alhamisi."

"Kila Jumatatu na Alhamisi! Sisi tumeshindilia siku moja tu mwaka mzima. Tungeshindilia hivyo unavyosema, si tungekuwa tumeshatokea Kenya kwa chini!" Kicheko. "Au tuna ndiva ya pili, na mimi mwenyekiti sina habari? Hii ni kesi, jamani. Hii tunaipeleka mpaka Same."

Wapare na kesi, mnatujua. Watu walikuwa wanapiga makofi. Binti akageuka kunitazama, na mwenyekiti akamfuata kwa macho, na mkutano mzima ukamfuata mwenyekiti.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Huwa natwanga."

"Unatwanga nini?"

"Mahindi ya makande."

Kicheko cha siku ile mpaka leo nakisikia. Mwenyekiti akafuta machozi. "Wewe! Wewe na goti lako! Unatwangia kijiji kizima?"

"Natwangia tumbo langu."

"Na kinu ukakipeleka kwenye mashine kikapimwe ugonjwa gani?"

Ningeweza kutafuta neno la utani. Maneno ya utani ninayo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema kama lilivyokuwa. "Nikitwanga pale, huyu binti anapiga simu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akavua kofia, akaichungulia ndani kama kuna kitu kimeangukia humo, akakaa.

Binti hakunigombeza. Tulipanda naye mpaka shambani, akakiona kinu, akaushika mchi akaupima uzito. Akaongea na wakubwa wake kwa simu, muda mrefu, akiwa amenipa mgongo. Kisha akasema, "Mashine inabaki, babu. Ila kinu kirudi nyuma ya nyumba. Na ukitaka kuongea, wewe nipigie tu, wakati wowote."

Nikasema sawa. Lakini wazee wenzangu watanielewa. Huwezi kumpigia mtu aliye kazini ukamwambia sina jambo. Kwanza utaanzaje? Salamu zikiisha utasema nini? Lazima uwe na jambo, na mimi jambo sikuwa nalo. Niliishika simu mara nyingi, nikatafuta namba yake, nikaiweka chini. Mwenyekiti naye alikuja mara mbili akaniletea tangawizi, akasimama mlangoni, akazungumzia maji ya mfereji, na mimi nikazungumzia maji ya mfereji. Wote wawili tulikuwa tunaona haya. Mara ya tatu hakuja. Kinu nilikirudisha mahali pake. Mahindi nikawa nanunua yaliyokobolewa.

Ilipita miezi. Alasiri moja nilikuwa ndani nachambua ile tangawizi iliyoanza kunywea, nikasikia lori linapita. Huku hapapiti lori. Vikombe vya bati vilivyoning'inia ukutani vikaanza kugongana, vumbi likashuka kutoka darini, kiti kikanisukuma upande kama mtu anayetaka nimpishe. Kuku walinyamaza wote kwa pamoja. Nikahesabu mpaka nne, kukatulia. Ile meza nilikuwa nimeiegemea, wala sikukumbuka kuingia chini yake.

Simu ikalia sijamaliza kupumua.

"Shikamoo babu. Samahani, lazima niulize. Ni kinu?"

"Marahaba. Si kinu, mwanangu. Hili ni lenyewe."

Nilisikia akishusha pumzi. "Pole. Uko salama?"

"Niko salama."

"Basi nikuulize maswali machache, leo nawauliza watu wengi. Ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nimekaa."

"Vitu viligongana?"

"Vikombe."

"Ukuta umepasuka?"

Nikautazama. "Una ufa, lakini huo ni wa zamani."

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumwambia habari ya lori, na kuku, na kile kiti kilivyonisukuma. Lakini nilishamdanganya sana huyu mtoto, nikaona leo nimpe anachouliza tu, kisizidi.

"Mlikuwa wangapi ndani ya nyumba?"

"Mmoja."

"Kuna mwingine hapo nyumbani aliyelisikia? Hata aliyekuwa nje?"

Nikachungulia mlangoni, sijui nilitegemea nini. Migomba ilikuwa imetulia.

"Hakuna mwingine."

"Basi naandika mmoja."

"Andika."

Akanishukuru, akasema lazima awapigie watu wa Gonja na wa Kileo kabla hawajasahau, akakata. Nikaiweka simu mezani. Kisha nikakumbuka kwamba kule kwenye sola nako vumbi litakuwa limejaa, nikachukua kitambaa. Fimbo niliiacha mlangoni, nikaenda polepole kwa kunyatia, goti likiuma, ili kule ofisini wasije wakanisikia.