Jibu la Mkasi

Wateja walimwita Bi Pazia, naye alishazoea. Alishona mapazia katika chumba cha mbele kilichotazamana na barabara, na nyuma ya chumba hicho ndiko alikoishi na mdogo wake wa kike. Mama yao alifariki mdogo mtu akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Bi Pazia alimlea, akamsomesha, mpaka akapata kazi maabara ya hospitali. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo.

Fundi saa, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemwonyesha ile tovuti. Ilikuwa ya habari, lakini haikuwa na mhariri. Wasomaji wenyewe walileta habari na visa vyao, na wenyewe wakapiga kura: mshale wa juu ukikubali, wa chini ukikataa. Kilichopendwa kilipanda, kilichochosha kilizama. Hakuna aliyetumia jina lake. Bi Pazia alijiita Mkasi, na haikuchukua muda akajulikana, maana hakuzungusha maneno. Waume walevi, mawifi wachokozi, mabosi wanyanyasaji, wote aliwakata.

"Wewe ungekuwa hakimu, magereza yangejaa," fundi saa alimwambia.

"Na mitaa ingetulia."

Mchana mmoja, akisubiri pasi ipate moto, alikuta kisa kinapanda kwa kasi. Mwandishi alisema amelelewa na dada yake. Anampenda, lakini dada huyo hawezi kupokea mgeni bila kumkumbusha mbele yake alichopoteza kwa sababu ya kumlea. Sasa amepata kazi mji mwingine na anaogopa kumwambia.

Bi Pazia alichemka. Akabonyeza mshale wa juu, kisha akaandika: "Huyo si dada, ni askari jela. Hukumwomba akulee. Funga mizigo uondoke, wala usimuage. Watu wa namna hiyo ukiwaaga wanalia mpaka unabaki." Akaweka simu, akashika pasi.

Kabla pazia halijanyooka, jibu lake lilikuwa juu ya majibu yote. Kura zilikuwa zinamiminika. Fundi saa akaingia na simu mkononi, meno nje. "Mkasi leo umefika mfupani."

Bi Pazia akaichukua simu yake mwenyewe kutazama. Msomaji mmoja alikuwa amemtaka mwandishi atoe mfano, na mwandishi alikuwa amejibu. Bi Pazia alisoma akiwa amesimama.

"Nilipoanza shule alinishonea mkoba kwa mabaki ya pazia, lenye mashada ya zabibu. Watoto waliniita Dirisha mpaka darasa la mwisho. Nilimwambia, akacheka, na hadi leo anawasimulia wateja. Halafu ananishika bega anawaambia, huyu ndiye aliyekula ujana wangu, hata mchumba nilimkataa kwa ajili yake. Unamuagaje mtu uliyekula ujana wake? Asante, Mkasi. Nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo. Naondoka Jumamosi akienda kununua vitambaa."

Alirudia kusoma kutoka mwanzo, taratibu, kama anayetafuta palipokosewa. Zabibu zilikuwa palepale. Kitambaa kile alikikumbuka kilivyokuwa kikiteleza chini ya sindano, na mfuko wa ndani aliouongeza kwa ajili ya penseli. Alijivunia mkoba ule. Na yale maneno ya ujana, siku zote aliyaona ni mzaha wa mapenzi. Wateja walicheka, na mtoto alicheka pia.

Fundi saa alikuwa bado anaongea. "Unaumwa?" akauliza hatimaye.

"Hapana. Ukitoka, nifungie mlango."

Aliketi juu ya marundo ya vitambaa. Kura ziliendelea kupanda mkononi mwake. Watu asiowajua, mamia kwa mamia, walikuwa wanakubaliana naye kwamba yeye ni askari jela.

Jioni mdogo wake aliingia akiwa bado na beji ya hospitali shingoni.

"Shikamoo, dada. Mbona umefunga mapema?"

"Marahaba. Mkasi ni mimi."

"Mkasi gani?"

"Yule uliyemshukuru leo."

Mdogo mtu alibaki ameshika kitasa. Kisha akakaa polepole kwenye kiti cha wateja. "Ulijua ni mimi?"

"Ningejua ningeandika vile?"

"Sijui, dada. Ndiyo maana nakuuliza."

Bi Pazia akaanza kukunja pazia lililokuwa mezani.

"Kwa hiyo yule msichana wa kwenye simu ulimwonea huruma," mdogo wake aliendelea. "Hapo hapo, bila hata kumjua. Mimi nilikwambia habari ya Dirisha nikiwa na miaka saba."

"Ulinambia."

"Huyo mchumba uliyemkataa kwa ajili yangu alikuwa nani?"

Bi Pazia alitazama mikono yake. "Hakuwepo. Hakuna aliyekuja. Ilikuwa rahisi kusema ni wewe."

Mdogo mtu aliinuka kama aliyemwagiwa maji, akaingia ndani, akafunga mlango. Miaka yote hiyo alikuwa amembeba mwanamume ambaye hakuwahi kuwepo. Siku mbili hawakusemezana.

Jumamosi Bi Pazia hakwenda kununua vitambaa. Alimbebea mdogo wake begi zito zaidi mpaka stendi, na basi lilipowashwa akasema, "Nisamehe." Mdogo wake akaitikia kwa kichwa tu.

Tangu siku ile Mkasi hakuandika tena, na fundi saa hakupata kujua kwa nini. Miezi ya kwanza simu zao zilikuwa za salamu na hali ya hewa, na Bi Pazia ndiye aliyekuwa akipiga. Kisha asubuhi moja mdogo wake akapiga mwenyewe, bila sababu yoyote, akiwa kwenye foleni ya benki, wakaongea mpaka zamu yake ilipofika.