Presha ya Mkono na Presha ya Jicho

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Inanijia kila jioni ninapolaza kichwa nyuma kutia dawa ya macho. Tone moja ndani, jingine shavuni, maana mkono wangu siku hizi unatetemeka, na hapa Hirbadaw sina wa kunishikia kope. Mume wangu alishatangulia. Watoto wako Arusha na Dodoma, wananipigia: "Mama, umetia dawa?" Simu haishiki chupa, lakini nashukuru.

Wakati ule nilikuwa na nguvu zangu, debe la mahindi nalitwika kichwani bila kuomba msaada. Tulikuwa tunapura maharage. Jicho la kulia likaanza kuuma, nikadhani ni vumbi la maganda. Nikanawa, likazidi. Nilipotazama kibatari nikaona kimezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua, na kichwa upande ule kikauma hadi nikatapika. Mama mkwe akasema ni malaria.

Asubuhi nikajikokota hadi zahanati. Nesi, mwenyeji wa Tanga, mpole wa maneno, akalibonyeza jicho juu ya kope kwa vidole, kisha akabonyeza lile zima. Akashtuka.

"Mama, hili limekuwa gumu kama jiwe. Ni presha ya jicho, imepanda sana. Nenda hospitali leo hii wakaishushe. Usilale nalo nyumbani."

Kwa maumivu yale, masikio yangu yalishika neno moja tu: presha. Nikalibeba hilo hilo hadi nyumbani.

"Presha?" Mama mkwe akacheka. "Hee, umenitisha bure! Mimi ninayo tangu nimemzaa mumeo, na bado nalima. Acha chumvi, meza kidonge changu kimoja, ulale. Haraka haraka haina baraka."

Usimlaumu, jamani. Alikuwa ananigawia dawa yake mwenyewe. Kisha wote, na mume wangu pamoja nao, wakaondoka kwenda msibani kijiji cha Getanuwas.

Hapo ndipo nilipoujua upweke. Nyumba kimya, ng'ombe wamekwenda malishoni, mimi nimejifunga kitenge kichwani na jicho linaona moshi tu. Nikamwita mama yangu mzazi, aliyekuwa mbali kule Mbulu. Ukiumwa hivyo unamwita mama tu, hata ukijua hasikii. Nililia mpaka nikaona aibu.

Aliyenisikia ni baba mkubwa, kaka yake baba mkwe, aliyekaa nyumba ya pili. Alikuwa kipofu, na kwenye misiba ya mbali walizoea kumwacha. Watu walimwamkia asubuhi, wakampa kiti juani, wakamsahau hapo. Akaja akigonga fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Nesi kanibonyeza jicho, kasema nina presha. Nimemeza dawa ya mama mkwe, nangoja ishuke."

Akasogea karibu. Kisha fimbo ikapiga sakafu.

"Yako ni ya jicho; mama yako ana presha ya mkono! Ile ya damu, wanayokufunga kitambaa mkononi, wakakijaza upepo. Mimi nami jicho liliniuma hivyo, nikapimwa mkono, wakasema mzee uko sawa, nikarudi kuchunga. Likazimika hivi hivi nikilishika. La pili likafuata. Inuka!"

"Baba, wamesema haraka haina baraka..."

"Hiyo waambie wanaotafuta mchumba! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya kwako itaua jicho. Inuka, mtoto mjinga wewe!"

Hakuwahi kunitukana kabla. Nikainuka. Tukaenda barabarani, yeye mbele na fimbo, maana ile njia aliijua kwa miguu, mimi nyuma nimeshika koti lake. Fuso la mahindi likasimama. Dereva akatutazama, akauliza mgonjwa ni yupi kati yetu.

"Mimi nimeshachelewa," akasema baba mkubwa. "Mchukue huyu."

Hospitali hawakuniweka hata kwenye foleni. Wakanipa vidonge, matone yanayowasha, na dripu ya kuvuta maji jichoni. Nilikojoa, mwanangu, mpaka nikaona haya! Jua lilipokuwa linazama, maumivu yakaanza kulegea, nikalia tena, safari hii kwa raha. Daktari akanionya kwamba kushusha siyo kuponya. Baadaye wakanitoboa tundu dogo katika macho yote mawili, hata lile zima lisije likafuata, maji ya ndani yapate pa kupita. La kulia lilibaki na ukungu mpaka leo. La kushoto lilinusurika, nalo ndilo lililowaona watoto wangu wakikua.

Niliporudi, nilipita kwa baba mkubwa kwanza.

"Unaniona?"

"Nakuona, baba."

"Basi niambie, nimezeekaje?"

Nikamwambia bila kuficha: mvi tupu, mashavu yameingia ndani, koti limetoboka kiwiko. Akasikiliza hadi mwisho, akakipapasa kile kiwiko.

"La koti hawajaniambia," akasema.

Nikalishona siku hiyo. Tangu hapo nikawa napita kwake kumwambia mahindi yamefikia wapi, na kama mlima umevaa mawingu, hadi tulipomzika. Na leo, ukungu huu unavyozidi na uzee, namkumbuka kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Watu hunipa shikamoo mlangoni wakapita zao.

Kwa hiyo nisikilize. Jicho likikuuma ghafla, likawa jekundu, ukaona ukungu, taa zikavaa duara, ukatapika, usingoje waliokwenda msibani warudi, wala usiazime dawa ya mtu. Ukiambiwa presha, uliza: ya mkono au ya jicho? Kuuliza si ujinga. Ikiwa ya jicho, kimbia siku hiyo hiyo, panda hata fuso. Wakishaishusha, usiache dawa eti kwa kuwa maumivu yamekwisha. Na ukipita kwa kipofu usimwamkie tu ukaenda. Kaa naye kidogo, mwambie kilichopo.

Mungu akulindie macho yako yote mawili, mwanangu. Na ukizeeka, akupe mtu wa kukuambia koti lako limetoboka.